Udongo Ukishuka Usiku, Watoto Wamelala Chumba Gani?

Katika nyumba moja ya Mtoni Kijichi, wilayani Temeke, kuna kitanda kinachohama kila mwaka. Kiangazi chote hukaa katika chumba cha nyuma, ambamo hulala watoto watatu wa nyumba hiyo. Mwezi Machi ukishaingia na mawingu ya masika yakaanza kujikusanya, mama mwenye nyumba huzifungua mbao za kitanda hicho, akazipitisha mlangoni moja moja, akakisimamisha upya sebuleni, baina ya kabati la vyombo na mlango wa mbele. Hapo watoto hulala mpaka Juni.

Chumba cha nyuma kimepakana na kilima. Kiwanja chao kiko mtelemkoni, kama vilivyo viwanja vingi vya upande ule, na ili kupata tambarare ya kuweka msingi ilibidi kilima kikatwe. Kikakatwa wima, kama mkate unavyokatwa kwa kisu, hata ukingo wake wa juu ukalipita dirisha na kulikaribia paa. Baina ya ukuta wa chumba na ukuta huo wa udongo pana uchochoro ambao mtu mzima hupita kwa ubavu. Juu ya ukingo, jirani naye amejenga, na karo la choo chake liko papo hapo ukingoni.

"Mimi sisemi kwamba kilima kitaanguka," mama huyo aliniambia nilipokwisha kumwamkia na kuketi naye barazani. "Nasema mvua ikinyesha usiku kucha, mimi silali. Wakilala mbele, nami napata usingizi kidogo."

Mumewe, aliyekuwa pembeni akihangaika na redio iliyogoma, alicheka. "Ndugu mwandishi, nyumba hii nimeijenga miaka tisa, tofali juu ya tofali. Leo wakwe wakija wanakuta nalaza watoto sebuleni kama abiria waliokosa basi. Tuamulie wewe."

Sikuwaamulia siku ile. Nilichokuwa nakijua juu ya jambo hilo kilikuwa kidogo mno kwa mtu anayetaka kuingia kati ya mke na mume. Makala haya ndiyo jibu langu. Naomba radhi kwamba safari yake ni ndefu kidogo, kwani itatubidi tutoke Temeke twende Hanang, na kutoka Hanang tufike nchi za theluji, kabla ya kurejea barazani pale.

Mlima Hanang, wenye kimo cha mita 3,417, umesimama peke yake katika mkoa wa Manyara, na mji wa Katesh umekaa chini yake kama mtoto miguuni pa mzazi. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo ilimeguka. Kilichoshuka hakikuwa maji matupu, wala hakikuwa udongo mtupu. Lilikuwa tope zito lililobeba mawe makubwa na magogo ya miti iliyong'olewa pamoja na mizizi yake. Lilipita Gendabi na Jorodom, likaingia Katesh mjini, likajaza maduka na kufukia nyumba na magari. Watu 89 walifariki dunia. Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati huo alikuwa Dubai kwenye mkutano wa mataifa juu ya mabadiliko ya tabianchi, alikatiza safari yake akarejea nyumbani. Baadaye nyumba zaidi ya mia moja zilijengwa katika eneo la Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi yao.

Wengi wetu hapa mjini tuliipokea habari ile kama habari ya mafuriko, na hata magazeti, tusijitoe lawamani, yaliandika mafuriko. Lakini mafuriko ni kitu kingine. Mafuriko hupanda. Yakianza kuingia mlangoni mtu hupata nafasi ya kumbeba mtoto, kupanda juu ya meza, kupanda juu ya paa. Tope la mlimani hushuka, tena hutoka nyuma ya nyumba, na pigo lake la kwanza huangukia ukuta ule ambao aghalabu hauna mlango. Na saa yake, mara nyingi, ni saa ambayo watu wamelala, kwa kuwa mvua iliyonyesha usiku kucha huwa imekwisha kufanya kazi yake kabla ya jua kuchomoza.

Kazi gani hiyo? Mtoto yeyote aliyecheza pwani ya Kunduchi anaijua nusu yake. Mchanga mkavu haujengeki. Ukiutia maji kidogo, hushikana, na mtoto hujenga nyumba yenye kuta na milango. Ukizidisha maji, nyumba ile hulegea na kutiririka kama uji. Udongo wa mlima hufuata kanuni hiyo hiyo. Chembe zake husimama mtelemkoni kwa kushikana na kusuguana. Maji yanapozijaza nafasi zilizo baina yake, huzisukuma zisigusane, na msuguano hupungua. Wakati uo huo maji huuongezea udongo uzito. Basi mzigo unazidi, na kinachoushika kinapungua. Ikiwa chini ya udongo huo kuna mwamba au ufinyanzi usiopitisha maji, maji hutuama hapo katikati, na tabaka la juu huteleza kama mkeka juu ya sakafu iliyopigwa nta. Huko Hanang, Serikali ilieleza kwamba sehemu iliyomeguka ilikuwa na miamba dhaifu iliyonyonya maji mengi hata ikashindwa kujishikilia.

Hapa ndipo nchi za theluji zinapotusaidia, kwa kuwa watu wa huko wameishi na jambo hili kwa karne nyingi. Katika milima ya Alps, huko Uswisi, Austria na Ufaransa, kitu kinachoporomoka ni theluji. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka, na miongoni mwa matabaka hayo huwamo lililo dhaifu, ambalo halionekani kwa macho. Majira ya baridi yanapokwisha, huja dhoruba zinazoangusha theluji mpya nzito juu ya ile ya zamani iliyokwisha kulainishwa na jua. Uzito ukizidi, tabaka lile dhaifu hukatika, na ubavu mzima wa mlima huondoka kwa mkupuo. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye mitelemko ya kati ya nyuzi 30 na 45. Msomaji asiyependa hesabu na aitazame ngazi ya kawaida ya nyumba ya ghorofa. Hiyo ndiyo nyuzi 30 na ushee. Hatuuoni kuwa mtelemko wa kutisha, na kila siku wazee wetu huupanda wakiwa wameshika vikapu.

Tarehe 23 Februari 1999, baada ya theluji kuanguka kwa majuma mfululizo, poromoko moja liliangukia kijiji cha Galtür nchini Austria na kuua watu 31. Kilichowashangaza wenyeji ni kwamba lilifika kwenye nyumba zilizohesabiwa kuwa mahali salama. Watu wale walikuwa na ramani za hatari, walikuwa na wataalamu, na bado mlima uliwavuka. Basi na sisi, ambao viwanja vyetu hupimwa kwa hatua za miguu na kamba ya fundi, twaweza kujipima wenyewe.

Jambo moja lao la kuigwa ni kwamba hawasubiri hakika. Tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya zinatumia kipimo kimoja cha hatari ya maporomoko chenye madaraja matano, na taarifa hutolewa majira yote ya theluji. Taarifa haisemi kwamba mlima fulani utaanguka kesho. Husema kwamba leo si siku ya kupita mahali fulani. Mtu akikaa nyumbani na mlima usianguke, hasemi amedanganywa. Kwetu, mtu aliyehama usiku mmoja na asubuhi akakuta nyumba yake nzima huchekwa mtaa mzima, na mara ya pili hahami.

Wala tusidhani kwamba Afrika ya Mashariki haina visa vyake. Kilimanjaro penyewe, tarehe 4 Januari 2006, mawe yaliporomoka karibu na kilele upande wa magharibi na kuua wapandaji watatu kutoka Marekani. Katika wilaya ya Bududa nchini Uganda, kwenye mbavu za Mlima Elgon, kijiji cha Nametsi kilifukiwa tarehe 1 Machi 2010, na mamia ya watu walikufa au hawakuonekana tena. Kituo cha afya cha kijiji kilizikwa, na miongoni mwa waliofukiwa walikuwamo watu waliokimbilia penye maduka na kituo hicho kujikinga na mvua. Habari hiyo imenikaa moyoni kuliko nyingine. Watu wale hawakuwa wazembe. Walikimbilia majengo mazuri zaidi ya kijiji, nayo majengo yalikuwa njiani pa udongo. Ubora wa ukuta haukuwafaa kitu. Kilichotakiwa kuwa kizuri ni mahali ukuta uliposimama.

Na huko Mai Mahiu, Kenya, tarehe 29 Aprili 2024, mvua za masika zilibeba magogo na takataka zikaziba njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta. Alfajiri yakafumuka na kuzoa nyumba zilizokuwa chini, watu makumi wakapoteza maisha. Wazee wa milimani hufundisha kwamba mto ukinyamaza ghafla wakati mvua bado inanyesha, hapo si pa kushukuru. Mahali fulani juu, maji yamezuiliwa, nayo hayatakaa huko daima.

Kuhusu miti, ushahidi wetu wa nyumbani umekuwapo kwa zaidi ya nusu karne. Mwezi Februari mwaka 1970 mvua ya kiasi cha milimita 100 ilinyesha kwa muda usiofika saa tatu huko Mgeta, katika milima ya Uluguru. Maporomoko madogo madogo zaidi ya 1,000 yakatokea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, walikwenda wakayahesabu, wakatazama yalikoanzia. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba, malisho na ardhi iliyoachwa wazi. Ndani ya msitu hayakufika hata moja katika mia. Mvua ilikuwa ile ile na mtelemko ule ule. Tofauti ilikuwa mizizi.

Sasa turejee Dar es Salaam. Msomaji wa Mbagala au Kawe anaweza kuuliza, sisi tuna mlima gani? Hatuna Hanang, ni kweli. Lakini jiji limepanuka kuelekea vilima na mabonde. Kijichi, Goba, Madale, Mbezi na Kimara watu wamejenga juu ya miinuko, chini ya miinuko na katikati yake. Kingo za mito ya Mbezi na Tegeta zimekuwa zikimeguka masika baada ya masika, na wapo waliozishuhudia kuta za nyumba zao zikining'inia juu ya mto ambao walipojenga ulikuwa mbali nao. Penye uchimbaji wa mchanga na kokoto, mashimo yameachwa na kuta zake wima. Aliyetaka kujua mtelemko wa mjini unaweza kufanya nini aliliona jibu huko Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, tarehe 14 Agosti 2017, ambapo ubavu wa mlima uliovamiwa na makazi ulishuka asubuhi juu ya viunga vya jiji, na watu zaidi ya 1,000 wakafa au wakapotea. Hata taka huporomoka, kama ilivyotokea kwenye dampo la Kiteezi jijini Kampala mwezi Agosti 2024, na sababu ni ile ile ya rundo refu, lenye ubavu mkali, lililoshiba maji.

Katika mitaa yetu kilima hakikatiki kwa hasira ya mvua peke yake. Tunakisaidia. Kwanza tunakikata miguu ili tupate kiwanja. Kisha tunang'oa miti iliyokuwa ikikishika. Kisha tunayaacha maji ya paa yamwagike ukingoni badala ya kuyapeleka kwenye mtaro. Mwisho, aliye juu anachimba karo, na maji ya karo hilo yanakilowesha kilima usiku na mchana, masika na kiangazi, hata mvua inapokuja inakuta kilima kilichokwisha kunywa nusu ya shibe yake. Watu husema ni kazi ya Mungu, na hakuna abishaye kazi ya Mungu. Lakini aliyemwambia fundi akate udongo wima alikuwa mwenye kiwanja.

Wako waliojitahidi. Nimeona kwa wingi zile ngazi za matairi makuukuu yaliyojazwa udongo, yakapangwa moja juu ya jingine kwa kurudi nyuma kidogo kidogo, na majani yakapandwa ndani yake. Si kazi ya kudharauliwa, mradi yapangwe kwa kulala nyuma, wala yasisimamishwe wima kama mnara. Ukuta wa mawe au zege nao wafaa, ila uwe na matundu ya kutolea maji. Ukuta usio na matundu ni bwawa, na bwawa hilo liko nyuma ya kitanda cha mtoto.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sote twajua jinsi mita hizo zinavyofupika pindi kiwanja kinapouzwa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyotokana na mvua ambayo mfano wake haukuwa umeonekana jijini tangu mwaka 1954, Serikali iliwapa baadhi ya waathirika viwanja huko Mabwepande, wilayani Kinondoni. Wengi walikwenda. Wengine walirudi mabondeni, kwa sababu kazi, soko na shule ya watoto vilikuwa mabondeni. Simwoni kuwa mpumbavu mtu aliyerudi. Lakini anayebaki mahali pa hatari kwa kukosa pengine pa kwenda ana haja kubwa zaidi ya kuzijua dalili.

Dalili hizo ni za kawaida, na mara nyingi mwanamke wa nyumba ndiye anayeziona kwanza, kwa kuwa ndiye afunguaye madirisha na kufagia uani. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri unaanza kugoma. Ufa mpya unatokea ukutani, au juu ya ukingo unaonekana mpasuko ardhini uliopinda kama mwezi mchanga. Mnazi au nguzo ya umeme iliyokuwa imesimama inaanza kuinama. Chemchemi inatokea mahali ambapo haikuwapo, au maji yanayotoka chini ya kilima, yaliyokuwa meupe, yanageuka kuwa ya udongo. Vijiwe na mabonge ya udongo yanadondoka uchochoroni. Usiku, husikika mlio wa mizizi ikikatika, au mngurumo kama wa treni mahali pasipo na reli. Ukisikia huo, hakuna tena la kutafakari. Mshike mtoto, toka kwa mlango wa mbele, uende pembeni mwa njia ya udongo, usikimbie kuteremka nao kwenye korongo. Usirudi kuchukua simu. Usirudi hata mvua ikikatika, kwa sababu kilima huendelea kunywa maji baada ya mawingu kuondoka, na poromoko la pili huwakuta waliokuja kuokoa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kwa rangi: njano kwa angalizo, chungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa. Nyumba iliyo chini ya kilima yafaa iwe na mazoea yake kwa kila rangi, kama ilivyo na mazoea ya mwezi wa Ramadhani au ya siku ya sikukuu. Na yafaa ikubaliwe mapema ni kwa jirani gani familia italala, kwa maana saa nane za usiku si saa ya kuanza kubishana adabu. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Nilirudi Kijichi Jumamosi iliyofuata. Niliwakuta wote wawili. Nikamwambia baba mwenye nyumba kwamba, kwa yote niliyoyasoma na kuyauliza, mkewe ana haki, tena haki yake ni ya kitaalamu: udongo ukigonga nyumba, chumba kinachopakana na kilima ndicho hubeba pigo, na kila ukuta unaoongezeka kati ya kilima na mtoto ni faida. Lakini nikamwambia mama naye kwamba kitanda peke yake hakitoshi. Jirani wa juu aombwe alihamishe karo lake, au angalau alijengee vizuri lisivujie ukingoni, na ombi hilo lipitie kwa mwenyekiti wa mtaa iwapo ujirani umepoa. Maji ya paa yapelekwe mbele. Ukingo ule wima ulazwe na upandwe majani. Usiku wa tahadhari kubwa, hata sebule si mahali pa kulala; waende kwa shangazi, Tandika.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba, akakaa huko kitambo. Aliporudi, viatu vyake vilikuwa na udongo mbichi, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa siku nne. Hakusema neno juu ya udongo huo. Aliketi, akaitazama sebule, akamwuliza mkewe iwapo pazia la kukikinga kitanda kisionekane na wageni lingehitaji mita ngapi za kitambaa.

Mama alikwisha kupima. Zilikuwa mita tano.